Programu Iliyomnyamazia Mama

Mama yangu ana presha ya macho. Ni ugonjwa usioonekana usoni, ila usipotiliwa dawa unakula uwezo wa kuona taratibu, kuanzia pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Dawa yenyewe ni matone, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Mama anajitilia mwenyewe. Anaketi kitandani, anainua uso, anavuta kope la chini kwa kidole na kudondosha, kisha anafumba macho na kusali sala fupi mpaka dawa iingie. Mkono wake hautetemeki. Shida haikuwa kutia matone. Shida ilikuwa kuyapata.

Anakaa Isevya, hapa Tabora mjini, kwenye nyumba aliyojenga na marehemu baba, karibu na kanisa anakoimba kwaya ya kina mama. Mimi nakaa Ipuli, mtaa mwingine wa mji huo huo. Watu huniuliza kwa nini nisimchukue, na jibu lake mama ni kwamba Isevya ana kwaya, ana bustani ya mchicha, na ana majirani anaojua kugombana nao na kupatana nao siku hiyo hiyo, na kwangu hakuna hata kimoja cha hivyo. Isitoshe, kazi yangu ni ya kusafiri. Nasanifu programu za simu: napanga kitu gani kikae wapi kwenye kioo, herufi ziwe na ukubwa gani, mtu abonyeze nini kwanza. Kampuni iko Dar es Salaam, mimi naifanyia kazi nikiwa Tabora, na kila mara naitwa huko, au natumwa vijijini kuangalia watu wanavyozitumia simu zao.

Kaka yangu, mkubwa wetu, yuko Dar na familia yake. Ni mtu mwema mwenye haraka. Mama alipoambiwa ugonjwa wake, kaka alitoa hukumu kwa simu: mama ataendelea kukaa Isevya maadamu anaweza kuzisimamia dawa zake mwenyewe. Siku akishindwa, yeye atakuja na gari amchukue moja kwa moja. Mama alimjibu, "Sawa, baba," kwa ile sauti yake ya kukubali kitu asichokikubali. Baadaye aliniambia kwamba huko Dar atakuwa mtu wa kukalishwa kwenye sofa asubuhi na kuondolewa jioni. Alikuwa anachambua mchele, wala hakunitazama. Niliogopa, maana mama yangu si mtu wa kulalamika.

Kliniki ya macho anakotibiwa, zamani ilikuwa na namba ya simu. Unapiga, nesi anapokea, unasema dawa inaisha, bodaboda anakuletea mpaka mlangoni. Ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, na labda ndiyo sababu wakubwa wakaona lazima ibadilishwe. Namba ikafungwa, kila kitu kikahamishiwa kwenye programu ya simu waliyotengenezewa na watu wengine. Wagonjwa wakaikwepa. Ndipo kampuni yetu ikaitwa kuisafisha, na kwa kuwa kliniki iko Tabora, kazi ikaangukia kwangu.

Nilipoifungua mara ya kwanza nilicheka kwa hasira. Programu ya watu wasioona vizuri, na ukurasa wa kwanza umejaa kama dirisha la duka la urembo! Vitufe vidogo vya rangi zote, tangazo la miwani linalokimbia kutoka upande huu kwenda upande ule, ushauri wa lishe, mashindano ya maswali, bima, habari za kliniki, picha ya mkurugenzi akitabasamu. Kitufe cha kuagiza dawa kilikuwa chini kabisa, maandishi ya kijivu juu ya kijivu. Kila idara ilikuwa imedai nafasi mbele, na kila idara ilikuwa imepewa.

Nikakata bila huruma. Kikao cha mtandaoni na wakubwa wa kliniki kilikuwa cha moto. Kila mmoja aliniambia kitufe chake ni cha lazima. Wakang'ang'ania hasa ile picha ya mkurugenzi, mpaka nikasema hakuna jicho lililowahi kupona kwa kutazama picha ya mtu. Bosi wangu, kijana wa Dar ambaye kwa umri ni mdogo wangu, akanitumia ujumbe pembeni: "Dada, punguza moto kidogo." Sikupunguza. Mwisho wa siku vikabaki vitufe vitatu tu, kila kimoja kimeenea upana wa kioo kizima: Dawa, Nesi, Miadi. Herufi nene nyeusi juu ya njano. Hakuna kuandika. Unabonyeza, kipaza sauti kinafunguka, unasema shida yako, nesi anaisikiliza na kuishughulikia.

Nikampelekea mama awe wa kwanza kuitumia. Akavisoma vitufe vyote vitatu bila miwani, akasema, "Hii sasa ni simu ya watu." Nikarudi Ipuli nikijisifu njia nzima.

Baada ya hapo niliitwa Dar kwa kazi nyingine. Niliporudi nilipitia Isevya kabla hata ya kufika kwangu, nikaikuta chupa ya matone juu ya stuli ya kitandani, tupu, imekauka.

"Imeisha lini, mama?"

"Si leo."

"Mbona hukuagiza?"

"Nimeagiza. Hawakunijibu."

Nilikimbilia kliniki nikachukua dawa kwa mkono wangu, nikasimama pale mlangoni mwa chumba chake mpaka alipojitilia na kufumba macho. Hakuna lililoharibika, Mungu alitusitiri. Lakini nilipoomba kusikiliza ujumbe wake kule kliniki nikabaki mdomo wazi. Alikuwa ameagiza kweli, na zaidi ya mara moja. Ujumbe wote ulikuwa mtupu. Katika mmoja alisikika jirani akipasua kuni, katika mwingine kikohozi kidogo cha mama, kile cha kusafisha koo. Programu ilikuwa ikifungua kipaza sauti, ikikuta kimya inangoja kidogo, kisha inajifunga.

Nikadhani kipaza sauti cha simu yake ni kibovu. Nikambadilishia simu, kimya. Nikaongeza maandishi makubwa, SEMA SASA, kimya. Nikagundua kwamba anaiweka simu sikioni kama anayepigiwa, na shavu linabonyeza vitufe, nikafurahi kwamba nimempata mchawi. Tukarekebisha kioo kizimike kikikaribia sikio. Bado kimya. Na habari za chupa tupu zilikuwa zimeshamfikia kaka, sijui kwa mdomo wa nani. Akanipigia. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua. Muandae."

Nilimwomba anipe muda. Akasema macho ya mama si mahali pa mimi kujaribia kazi zangu. Nilikata simu.

Siku iliyofuata nilikwenda Isevya, nikaketi kwenye kona ya chumba, nikamwomba mama afanye kama mimi sipo. Akashika simu. Akabonyeza Nesi, sawasawa kabisa. Akaiweka sikioni, akanyoosha mgongo, akaweka mkono mwingine pajani. Kisha akangoja. Uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu mzima aliyefika mlangoni na kusikia hatua za mtoto akija kufungua. Simu ikalia mlio mdogo na kujifunga. Mama akaishusha na kuiweka kwenye stuli kwa heshima, kama ambavyo mtu hujizuia asilaumu mbele ya wageni.

"Umeona mwenyewe," akasema. "Anafungua halafu ananyamaza. Msichana wa watu, lakini hakufundwa."

"Mama, hapo ndipo unatakiwa useme wewe."

"Niseme nini sijasalimiwa? Au ulitaka mimi na mvi hizi nimfuate mtoto na shikamoo?"

Nilianza kucheka, kisha nikaacha, maana alikuwa hatanii hata kidogo. Miezi yote ile nilikuwa nikihangaika na rangi, ukubwa wa herufi na upana wa vitufe, na mama yangu alikuwa ameketi pale anangoja asalimiwe. Kwetu anayemfungulia mkubwa ndiye anayeanza. Anasema shikamoo, anapewa marahaba, watu wanajuliana hali, ndipo mazungumzo yanafunguka. Tabora ilipokuwa kituo cha misafara watu walifika wakiwa na mizigo ya wiki nyingi mabegani, na hata hao hawakuulizwa wamebeba nini kabla ya kusalimiwa na kupewa maji. Halafu sisi tunamfungulia mama mzima kipaza sauti na kumkodolea macho. Na zamani, ile namba ilipokuwepo, nesi alikuwa anapokea kwa salamu. Hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba salamu ilikuwa sehemu ya huduma, kwa hiyo walipohamisha huduma waliiacha nyuma.

Sikutaka kuamini kichwa cha mama peke yake, kwa hiyo nikaenda kijijini Puge, kwa dada yake mama, ambaye alinikusanyia wanawake wa rika lake waliotibiwa kliniki ile ile. Nikawapa simu mmoja mmoja. Walibonyeza, waliweka sikioni, walingoja. Mmoja aliigeuza simu akaichungulia, akamwambia mama mkubwa kwa Kinyamwezi maneno ambayo mama mkubwa alikataa kunitafsiria. Niliporudi mjini nikamjaribisha mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyezaliwa hapa hapa Tabora na baba yake pia. Naye alingoja. Kisha akanirudishia simu kwa masikitiko.

"Mtu amefungua mlango, hasemi karibu, hasemi habari," akaniambia. "Mimi naanza vipi kumweleza mambo ya jicho langu, binti?"

Nilitamani kumkumbatia. Nilitoka pale dukani natembea upesi kama mtu aliyepata kitu alichokuwa amekipoteza, nikampigia bosi nikiwa bado barabarani.

Bosi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. "Dada, mashine iamkie watu? Si tutachekwa mpaka basi?" Akanikumbusha sheria yetu wenyewe, kwamba tunaondoa hatua na hatuziongezi. Tumepigana kutoa vitu vyote vile, na sasa mimi ndiye nataka kurudisha kitu. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia sisi tulitoa takataka, na hii si takataka, hii ndiyo njia yenyewe ya kuingilia. Nikamwuliza yeye akienda kwa bibi yake huwa anaanza na nini.

"Na wagonjwa vijana je?" akauliza. "Nikiamkiwa na simu mimi nitaitupa."

Swali lilikuwa la haki. Tukakubaliana: kliniki ina umri wa kila mgonjwa, basi mtu mzima aamkiwe, na kijana aambiwe habari yako, inatosha. Bosi akakubali shingo upande, lakini akakubali. Namshukuru mpaka leo, ingawa sijamwambia.

Sauti tuliitaka ya nesi mwenyewe, yule yule ambaye baadaye angewapigia wagonjwa. Ni binti wa Nzega, mpole, mwenye aibu ya kunaswa sauti. Alikuja kwangu Ipuli, tukafunga madirisha, nikatundika mablanketi mbele ya kabati kuzuia mwangwi. Akasema shikamoo. Ikatoka kavu, kama tangazo la kituo cha mabasi. Akarudia, mbaya zaidi. Tukarudia mpaka akataka kulia na mimi nikataka kuvunja kitu. Nikamwambia aache kuifikiria mashine, amfikirie bibi yake. Akavuta pumzi, akaangalia chini, na bila kuambiwa na mtu akapiga goti pale mbele ya kabati langu, kama tunavyofanya nyumbani, akasema, "Shikamoo."

Nikasisimka mwili mzima. Tulichukua hiyo hiyo. Tukaongeza maneno machache ya kufuata: programu ikishaamkia inyamaze, ingoje mpaka mtu aitikie, na isikimbie wala kujifunga, akishaitikia ndipo iseme, "Nakusikiliza. Nikusaidie nini?" Bosi na mafundi wake walitumia siku nyingi kuifundisha ile programu kungoja. Inaonekana kumfundisha mtu wa haraka kungoja ni kazi ngumu hata akiwa mashine.

Toleo jipya likaingia kwenye simu ya mama siku moja kabla ya kaka kufika. Sikumwambia mama kitu. Alikuwa ameshaisusa ile programu, na ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Kama ingeshindikana tena, nilitaka ishindikane bila yeye kujua kwamba tumaini lote lilikuwa pale.

Kaka alifika jioni, akalala, na asubuhi akaanza kupakia. Alikuwa na roho nzuri siku hiyo, anaimba, anamtania mama kuhusu wingi wa khanga zake. Begi kubwa la mama alilibeba yeye mwenyewe na kulitia kwenye buti la gari. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alizunguka nyumba akigusa mlango, dirisha, mtungi, na mimi nilimfuata nyuma nikijikaza nisilie. Kisha akaketi kitandani kujitilia matone ya asubuhi. Alipomaliza akaitikisa chupa sikioni.

"Hii haifiki kokote," akasema. "Siwezi kusafiri na dawa ya kukwangua. Niagize kwanza."

"Lete simu mama, nikufanyie," kaka akasema, na akanyoosha mkono.

"Mwache," nikasema.

Kaka akanigeukia. Nadhani hakuwahi kunisikia nikimwambia neno kwa sauti ile tangu tuzaliwe. Akarudisha mkono.

Mama akabonyeza Dawa. Akaiweka simu sikioni, akanyoosha mgongo, uso umekaza, tayari kukosewa adabu tena. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba mimi na kaka tuliisikia ile sauti ndogo ikitoka kwenye simu.

"Shikamoo."

Mama akashtuka kidogo. Halafu uso wote ukalegea, ukawa uso wake wa barazani.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Programu ikangoja. Mama naye akatulia, akaridhika na kile alichokisikia au alichojijibia mwenyewe, ndipo sauti ikasema, "Nakusikiliza. Nikusaidie nini?"

"Haya, mwanangu, nisaidie hivi." Akaeleza. Akasema dawa yake ni ile ya kifuniko cha njano, imefika mwisho, aletewe Isevya leo hii kwa kuwa ana safari. Akasema na jambo ambalo hakuwa amenieleza mimi wala kaka, kwamba jicho la kushoto limeanza kumkereketa kila akiamka. Akaeleza linavyokereketa, linaanzia wapi na linatulia wakati gani, wazi na kwa mpangilio, akashukuru, akamtakia kazi njema, akashusha simu.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Jicho la kushoto?" akauliza. "Mbona hukutuambia?"

"Nyie mna haraka," mama akasema. "Huyu ameniuliza."

Tukangoja. Kaka alitazama saa, akatoka, akarudi. Bodaboda akapiga honi nje, nikatoka mbio nikapokea chupa mpya, nikamkabidhi mama, akaipapasa kifuniko na kuitikia kwa kichwa kwamba ndiyo yenyewe. Kabla sijaketi simu yake ikaita. Alikuwa nesi, safari hii mwenyewe, si sauti tuliyoinasa. Aliamkia tena, wakajuliana hali upya na mama hakuona ubaya wowote kurudia. Kisha nesi akasema ameusikiliza ujumbe wote, na hilo jicho la kushoto haliwezi kusubiri, daktari alione Jumatatu asubuhi.

Mama akamtazama kaka. Alimtazama kwa muda, na sidhani kama mtu aliyewahi kusema macho yake hayaoni angelisema hivyo wakati ule.

"Nitakuja, mwanangu," akamwambia nesi. "Jumatatu nipo."

Akashusha simu. Mimi nikaketi kitandani kando yake.

"Mama," kaka akasema, taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia, "lakini kitanda tumeshakununulia. Na godoro."

"Kisitolewe chumbani," mama akasema. "Nitakuja kukilalia nikiwa mgeni. Sasa nenda, baba, kanishushie begi langu."